Kidani cha Bibi Khadija, na Suala la Kuweka Vitu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Yeye, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad na Aali zake na Sahaba zake.

Ama baad. Limezuka katika zama hizi suala ambalo wazee wa pwani hawakuwa na haja ya kuliuliza, kwani vitu majumbani vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuwa na kazi yake na jina la aliyekileta. Suala lenyewe ni hili: Je, Mwislamu aliye bora ni yule aliyeondosha nyumbani mwake kila asichokihitaji, akabaki na mkeka, birika na kanzu mbili? Au ni yule aliyevihifadhi vitu vya wazee wake, akavilinda na mchwa na kutu, ili awaachie wanawe kama alivyoachiwa yeye?

Wenye kusema la kwanza wengi wao ni vijana waliosafiri, au waliosoma khabari za ng'ambo. Huko Japani na Marekani limeenea fundisho la kuishi na vitu vichache. Bibi mmoja wa Kijapani, Marie Kondo, alitoa kitabu mwaka 2011 juu ya kupanga nyumba, na mwaka 2014 kikatoka kwa Kiingereza, kikasomwa katika nchi nyingi. Kanuni yake ni kuwa mtu akishike mkononi kila kitu alicho nacho, kisha auulize moyo wake kama kitu hicho chaufurahisha. Kikiwa chaufurahisha, akiweke. Kama sivyo, akishukuru kwa kazi iliyokwisha, na akitoe. Vijana wameipokea kanuni hii, wakaivika kilemba, wakasema kuwa hii ndiyo zuhdi yenyewe, kwani Mtume (S.A.W.) si alilala juu ya mkeka mpaka ukaacha alama ubavuni mwake?

Wenye kusema la pili ni wazee na wenye majumba ya mawe. Kwao wao kitu cha mzazi hakitupwi. Sanduku la njumu, kiti cha enzi, sahani za Kichina zilizopangwa katika zidaka, jambia la babu, hata kikombe kilichovunjika mkono, vyote ni heshima ya nyumba, na mwenye kuvitoa amewasahau wafu wake. Nao pia wana hoja katika dini, kwani kuwatendea wema wazazi hakukomi kwa kufa kwao.

Basi watu hawa wagombana juu ya idadi, na idadi siyo iliyoulizwa na sharia.

Zuhdi kwa wanavyuoni wanaotegemewa si hesabu ya vyombo. Qur'ani katika Suratul-Hadid imetaja kipimo kilicho ndani zaidi: kwamba mtu asihuzunike kwa kilichompita, wala asijigambe kwa alichopewa. Mtu aweza kuwa na mkeka mmoja na akajigamba kwa mkeka huo mmoja, akawaonyesha wageni jinsi chumba chake kilivyo kitupu, kama mwingine anavyowaonyesha sahani zake. Al-Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 H. (1111), aliandika katika Ihya mlango mzima wa ufukara na zuhdi, akaeleza chakula, nguo, makazi na vyombo vya nyumbani, na kila kimoja akakipangia daraja zake. Yeye mwenyewe mwaka 488 H. (1095) aliacha kusomesha katika Nidhamiya ya Baghdad, cheo ambacho katika zama zile wengi walikitamani, akagawa mali yake na akatoka. Lakini katika khabari aliyoiandika kwa mkono wake amesema kuwa alijiwekea kadiri ya kumtosha, na chakula cha watoto wake. Mtu aliyekuwa akikimbia dunia hakuona kuwa zuhdi yamruhusu kuwaachia wanawe njaa.

Kaab bin Malik naye, alipokubaliwa toba yake baada ya safari ya Tabuk, mwaka 9 H. (630), alitaka kutoa mali yake yote kwa furaha ya kusamehewa. Mtume (S.A.W.) alimwambia abakishe sehemu ya mali hiyo, kwani ni kheri kwake. Na Bibi Aisha, kama ilivyotajwa katika Ihya, aliletewa dirhamu zipatazo laki, akazigawa zote siku ile ile naye amefunga. Jioni mjakazi wake akamwambia kuwa lau angebakisha dirhamu moja wangenunua nyama ya kufuturia. Akajibu kuwa lau angemkumbusha angefanya hivyo. Hapa pana jambo la kuangaliwa: hakusema kuwa nyama haimstahili mwenye zuhdi. Alisahau tu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kutoa hata nafsi yake ikasahauliwa, na huko ni mbali sana na mtu akaaye siku tatu akihesabu vijiko vyake ajue abakishe vingapi.

Ni kweli kuwa Abu Dharr Al-Ghifari aliona ya kuwa kinachozidi haja ya mtu ni katika ile hazina iliyolaumiwa katika Suratut-Tawba. Alibishana na Muawiya huko Sham juu ya aya hiyo, na mwisho akakaa Rabadha, akafa huko mwaka 32 H. (652). Hapana awezaye kumtia ila Abu Dharr. Lakini Sahaba walio wengi walisema kuwa mali iliyotolewa zaka si hazina iliyolaumiwa, na umma ukashika kauli hiyo. Na lau kauli ya Abu Dharr ingekuwa ni sharia kwa wote, milango ya zaka na mirathi isingekuwa na kazi katika vitabu vya fiqhi; kwani asiyeweka kitu hatoi zaka, wala akifa harithiwi.

Tena yako mambo ya ajabu katika huku kupunguza vitu kwa siku hizi. Kijana huyatoa masufuria ya shaba ya mamaye kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kisha wiki ya pili hununua mengine mepesi yasiyomaliza mwaka. Masanduku ya njumu na viti vya enzi vya Lamu na Unguja, ambavyo wenyewe waliona vyawasonga, vingi vimo leo katika mahoteli na majumba ya wageni, nao wavitazama kwa furaha kubwa. Huko si kupunguza. Ni kubadilisha, na mara nyingi ni kubadilisha kizuri kwa kibaya. Nyumba ya kijana huyo ni tupu kama msikiti, lakini simu yake ni ya mwaka huu, na fedha zake za benki hakuzipunguza hata senti moja. Ama maskini, yeye huweka kamba iliyokatika, mkebe, misumari iliyopinda na kipande cha turubali, kwa kuwa hajui kesho atapata wapi kingine. Kutupa ni anasa ya mwenye uwezo wa kununua tena. Mwenye kumcheka maskini kwa kibanda chake kilichojaa, huku akijiita mwenye zuhdi, hajapata kuuliza bei ya kamba.

Sasa na tuiangalie hesabu ambayo imepokewa kweli katika hadithi. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa kutoka kwa Jabir kwamba nyumba ina kitanda cha mume, na kitanda cha mke, na cha tatu ni cha mgeni, na cha nne ni cha Shetani. An-Nawawi ameeleza kuwa makusudio ni kile kinachozidi haja, ambacho huwekwa kwa fakhari na kwa pambo la dunia. Lakini utazame mpango wa hesabu yenyewe. Haikuanza kwa kuhesabu vitanda. Imeanza kwa kuhesabu watu. Na mgeni, ambaye hayupo, na huenda asije mwaka huu, amehesabiwa pamoja na walio nyumbani. Mwenye kufuata kanuni ya ng'ambo angekiuliza kitanda kile kama chamfurahisha, akakiona kimejaa vumbi, akakitoa. Hadithi imekiweka.

Na katika Suratul-Maun wamelaumiwa wanaozuia vyombo vya kusaidiana. Ibn Masuud ameeleza kuwa katika zama za Mtume (S.A.W.) walikuwa wakiihesabu maun kuwa ni kuazimana ndoo na chungu na mfano wake. Mitaa ya pwani imeishi kwa aya hii miaka mingi, hata kwa wasiojua tafsiri yake. Iko nyumba yenye sufuria kubwa la kupikia wali wa arusi. Iko yenye majamvi ya kutandikwa penye matanga. Iko yenye ngazi, yenye kamba ndefu ya kisima, yenye kinu kizito. Mwenye sufuria lile halipiki kwake ila mara mbili kwa mwaka, lakini mtaa mzima umekula kutoka ndani yake. Siku atakapoliona limekuwa kubwa mno na akaliuza, hakujipunguzia yeye peke yake. Ameupunguzia mtaa, na arusi ijayo watu watakodi.

Haya yote ni katika vitu vyenye kazi, na ndani yake jambo ni jepesi. Uzito uko katika kitu ambacho hakina kazi ila kumbukumbu. Kofia ya marehemu haimtoshi mtu nyumbani, barua za zamani wino wake umefifia, kidani hakivaliwi. Je, moyo kufungamana na kitu kama hicho ni udhaifu wa imani?

Jibu lake limo katika khabari ya kidani.

Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2 H. (624) vilipiganwa vita vya Badri, na Waislamu wakateka watu katika Makuraishi. Miongoni mwa mateka alikuwamo Abul-As bin Rabii. Mtu huyu alikuwa mwana wa Hala binti Khuwailid, ndugu wa Bibi Khadija, na tena alikuwa mume wa Bibi Zainab, binti ya Mtume (S.A.W.). Alikuwa hajasilimu bado, na Zainab alikuwa angali Makka. Watu wa Makka walipoleta mali ya kuwakomboa mateka wao, Zainab naye alileta mali ya kumkomboa mumewe, na ndani yake mlikuwamo kidani. Kidani hicho kilikuwa cha Bibi Khadija. Ndicho alichompa bintiye alipomwingiza kwa mumewe.

Bibi Khadija alikuwa amefariki kiasi cha miaka mitatu kabla ya Hijra. Katika miaka iliyopita tangu hapo Mtume (S.A.W.) alikuwa ameondoka katika mji wake, ameacha nyumba aliyoishi na mkewe, na sasa alikuwa ametoka vitani. Alipokiona kidani alikijua, akashikwa na huruma kubwa kwa ajili ya bintiye. Kisha akawaambia Sahaba zake kwamba wakiona vyema kumwachilia Zainab mateka wake na kumrudishia mali yake, basi na wafanye. Wakaitika. Abul-As akaachiliwa, na kidani kikarudi kwa mwenyewe. Khabari hii ameipokea Abu Daud kutoka kwa Bibi Aisha, ambaye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema wazi kuwa hakumwonea wivu mke yeyote kama alivyomwonea Khadija, hali hakumkuta kwake. Na kwa hivyo khabari yake juu ya kidani hiki ina uzito mkubwa.

Ndani ya khabari hii mna mambo ambayo makundi mawili yale hayakuyatazama.

Kwanza, Zainab alikuwa amekiweka. Alikuwa mke wa mfanyi biashara, na njia za kukitoa au kukiuza hazikumkosa. Lakini mama alipokufa, na baba alipohama, kidani kilibaki sandukuni. Hapana aliyemlaumu kwa hilo.

Pili, alikitoa. Ilipofika saa ya mtu kukombolewa hakusema kuwa hiki ni kitu cha mama, hakitoki ndani. Alikitia pamoja na mali nyingine kikaenda Madina, naye hakujua kama kingerudi. Wako watu leo ambao nduguye mtu amelala hospitali akingoja fedha, na ukutani kwao pametundikwa upanga wa babu. Na ukiwaambia wauuze watakuona umewatukana. Upanga ule haukuwa tena ukumbusho wa babu. Babu angeuuza.

Tatu, moyo wa aliye mkuu wa wenye zuhdi uliguswa na kitu. Haukuguswa na thamani yake, kwani mali ya Badri ilikuwa mbele yake. Uliguswa na shingo iliyokivaa na mkono uliokitoa. Basi mwenye kusema kuwa moyo wa muumini wapasa kuwa sawa mbele ya kila chombo, kipya na kikuukuu, cha sokoni na cha mamaye, ametaka zuhdi iliyozidi ya Mtume, na zuhdi iliyozidi ya Mtume haipo.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, hakukitwaa. Yeye ndiye aliyekuwa amiri wa jeshi na mkuu wa umma, na lau angenyosha mkono akakichukua hapana ambaye angesema neno. Lakini fidia ya mateka ilikuwa ni haki ya Waislamu waliopigana, na miongoni mwao walikuwamo maskini walioacha mali zao zote Makka. Kwa hivyo aliomba, na akawapa khiyari kwa neno la wakiona vyema. Kumbukumbu ya mkewe ilikuwa na thamani ya kweli, lakini haikufuta haki ya mtu mwingine. Iliipeleka mbele yao, ikangoja ridhaa yao.

Sahaba wengine nao waliweka vitu. Asmaa binti Abi Bakr aliliweka joho la Mtume (S.A.W.), alilolichukua kwa Bibi Aisha alipofariki. Anas bin Malik alikuwa na kikombe chake, na kilipopasuka kiliungwa kwa fedha, hakikutupwa. Kilikuwa na pete ya chuma, na Anas alitaka kuibadilisha aweke ya dhahabu au ya fedha. Abu Talha akamkataza asikibadilishe kitu kilichofanywa na Mtume. Suala la kutabaruku lina mlango wake, na si mahali pake hapa. Linalotakiwa hapa ni kuwa kikombe kilichopasuka kilionekana chastahili kuungwa, na pete ya chuma ikaonekana bora kuliko ya dhahabu.

Lakini wenye kuweka wasifurahi upesi, kwani maradhi yao ni makubwa. Huanza kwa kumbukumbu na huishia kwa fakhari, na mwenyewe hajui ni siku gani alivuka. Sahani ya kwanza aliitundika kwa sababu ni ya bibi. Ya pili aliinunua ili ifanane na ile. Ya kumi aliinunua kwa sababu jirani ana tisa. Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, umeeleza majumba ya Pate yalivyokuwa na taa zake na zidaka zake, na jinsi yalivyobaki mahame wakakaa humo ndege na popo. Watu wa pwani huusoma utungo ule wakalia, kisha hurudi nyumbani wakafuta vumbi zidakani.

Mtume (S.A.W.) alipata kusali na nguo yenye nakshi, ikamshughulisha jicho katika sala. Alipomaliza akaagiza nguo ile irudishwe kwa Abu Jahm aliyempa, na aletewe nguo yake nyingine isiyo na nakshi. Wanavyuoni wamesema kuwa aliomba ile nyingine ili Abu Jahm asivunjike moyo kwa kurudishiwa hidaya yake. Kitu kimoja kilichomshughulisha mtu na Mola wake kilitoka mara moja, hali nyumba haikuwa imejaa. Na kilitoka kwa adabu, pasina kumdhili aliyekitoa.

Na madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, yamepima jambo hili kwa mizani iliyo laini sana. Vyombo vya kulia na kunywea vya dhahabu na fedha ni haramu kutumiwa, na kwa kauli iliyo sahihi ni haramu hata kuwekwa tu bila ya kutumiwa. Kwani kukiweka kitu mbele ya macho huivuta nafsi ikitumie. Ama vikuku na vidani vya dhahabu vya wanawake vilivyo halali kuvaliwa, havina zaka. Lakini mwenye navyo akivikusudia kuwa ni akiba ya kufichwa, vina zaka vikifika kiwango chake, ambacho ni mithqali 20, yaani kadiri ya gramu 85, na kinachotolewa ni robo ya ushuri. Kikuku ni kile kile, na sanduku ni lile lile. Kilichobadilika ni nia ya mwenyewe, na kwa nia hiyo maskini amepata haki ndani yake, au hakupata. Basi mtu asijiulize ana vikuku vingapi kabla hajajiuliza kila kimoja amekiwekea nini.

Ndipo inapoonekana kasoro ya ile kanuni ya furaha. Kanuni ile imemfanya mwenye kitu kuwa ndiye kadhi peke yake, na shahidi wake ni moyo wake mwenyewe. Lakini katika nyumba za Waislamu vimo vitu ambavyo havimfurahishi mwenyewe hata kidogo, na hata hivyo ni mahali pake kuwekwa. Wako mahujaji warudio na ihramu zao wakaziweka ziwe sanda. Katika Sahihi ya Bukhari imo khabari ya mtu aliyemwomba Mtume (S.A.W.) nguo aliyokuwa ameivaa, watu wakamlaumu, akasema kuwa anaitaka iwe sanda yake, na ikawa. Hapana afunguaye sanduku akashika sanda mkononi akasema kuwa yamfurahisha. Na vitabu vya mwanachuoni, ambavyo mwanawe hasomi Kiarabu na kwake ni vumbi na harufu, vina mwanafunzi wa mtaa wa pili ambaye huenda hajazaliwa bado. Miswada ya Riyadha ya Lamu isingalipigwa picha na kusomwa leo na watu wa nchi za mbali, lau kila aliyeirithi angaliipima kwa furaha yake.

Limebaki sanduku la marehemu, na hapo ndipo yanapotokea madhara makubwa katika miji ya pwani, kuliko yote yaliyotangulia kutajwa.

Mtu akifa, mali yake hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ni cha warithi wote kwa mafungu yaliyotajwa katika Qur'ani. Watu hulijua hili katika nyumba na mashamba. Hulisahau katika vyombo. Lakini kila kijiko katika nyumba ile kina fungu la mjane, na fungu la mwana, na fungu la binti aliyeolewa mji mwingine. Mwana mkubwa huchukua ufunguo wa sanduku akasema kuwa vitu na viachwe kama mzee alivyoviacha, na watu humsifu kwa kumpenda babaye. Inapita miaka kumi. Mjane hajapata thumni yake katika yale majambia na zile fedha za zamani, na binti hajaona hata uzi wa kilemba. Au hutokea mwana mdogo, aliyejifunza kupunguza, akaita mkokoteni siku ya Jumamosi, na ikifika Magharibi nyumba ni nyeupe. Watu hugombana ni yupi katika ndugu hawa aliyemheshimu mzee. Wote wawili wamekula mali ya watu: mmoja kwa kuifunga, na mwingine kwa kuitupa.

Mwenye kutaka jambia la babaye na afanye kama ilivyofanywa katika kidani. Vitu na vitolewe nje mbele ya warithi, viandikwe, na watu wawili wenye kujua bei wavitie thamani. Anayetaka kitu kwa ukumbusho akihesabiwe katika fungu lake. Na ikiwa fungu lake halifiki, awaombe wenziwe, nao wana khiyari. Ikiwa wote wakitaka kitu kimoja, kama msahafu wa mzee au vitabu vyake, yafaa wakifanye wakfu, kikae mahali ambapo kila mmoja aweza kukifikia, na marehemu apate thawabu zake.

Na ridhaa iwe ridhaa. Wanavyuoni wamesema kuwa kilichochukuliwa kwa upanga wa haya ni kama kilichonyang'anywa. Dada aliyekaa nyuma ya pazia, akaulizwa mbele ya wajomba na ami zake kama ameridhia kaka achukue saa ya baba, akanyamaza, hakuridhia, ameona haya. Na aulizwe peke yake, na mtu asiyemwogopa, na aambiwe bei ya saa kabla hajajibu.

Ama warithi walio watoto, hao hawaombwi kabisa, wala walii wao hana ruhusa ya kusamehe kwa niaba yao. Mwana wa miaka saba akimwambia kaka yake achukue jambia, neno lake halihesabiwi hata akilisema kwa moyo mweupe. Fungu lake katika jambia lile na litiwe thamani, lilipwe kwa fedha na liwekwe kwa jina lake. Au jambia lisigawiwe, lingoje mpaka abaleghe na iwe imejulikana akili yake katika mali, kisha aulizwe.